Siku Sita za Ekseli

Siku ya mnada wa mifugo Garissa, mtu hata sauti yake mwenyewe haisikii. Ngamia wananung'unika, mbuzi wanalia, na madalali wameshikana mikono chini ya shuka wakibishana bei kwa vidole. Katikati ya kelele hizo zote, asubuhi moja ya Machi mwaka 1966, Awil Duale alisikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekisikia. Ilikuwa jointi ya gari inakufa.

Ka, ka, ka, ka. Sauti ilitoka kwenye Landrova ya hospitali iliyokuwa ikijaribu kugeuka mchangani, kati ya kundi la mbuzi na mzigo wa kuni. Awil alikuwa ametumwa kununua maziwa ya chai ya gereji. Alikiweka chombo chini, akaenda kusimama mbele ya gari, mkono juu kama askari.

Dereva alikuwa Adow, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina. Alitoa kichwa dirishani akamuuliza kama anataka kufa.

"Sitaki, adeer," Awil alijibu, akimwita ami kwa Kisomali. "Gari lako ndilo linalotaka. Kata usukani mpaka mwisho, uende polepole, usikilize gurudumu la kulia."

Adow akasema gari hii iko sawa, inatembea, shida iko wapi. Hata hivyo alikata usukani. Ka, ka, ka. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka msichana aliyevaa gauni jeupe la ukunga, limepigwa pasi hata mikunjo imesimama, na shali ya rangi ya zafarani iliyofunika kichwa na mabega. Alikuwa mrefu. Alilizunguka gari, akainama kwenye gurudumu, akasikiliza kama anavyosikilizwa mtoto tumboni.

"Analalamika," alisema kwa Kiswahili safi. "Ana nini?"

"Pale ekseli inapokutana na gurudumu pana kiungo," Awil alisema. "Kinazunguka huku kinapinda, gari lipate kugeuka. Hicho ndicho jointi. Cha kwenu kimekwisha, na nadhani kimeila na ekseli."

"Mgonjwa ataishi?"

"Akilazwa leo."

Alicheka, na Awil akasahau kabisa kwamba alikuja kununua maziwa.

Jina lake lilikuwa Rahmo. Alikuwa amerudi kutoka chuo cha ukunga Nairobi, naye alikuwa amepangiwa mwaka mmoja zahanati ya Buna, mbali kule kaskazini, ambako wanawake walikuwa hawajaona mkunga tangu Desemba. Miaka hiyo ya vita vya serikali na waasi wa Kisomali hakuna aliyesafiri peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na msafara ulitoka mara moja kila baada ya siku kumi. Uliofuata ulikuwa wa Alhamisi. Rahmo na gari lake walipaswa kuwemo.

Gari likaingizwa gereji kwa Mutiso. Huyu alikuwa Mkamba wa makamo, mpole, aliyemfundisha Awil kazi kuanzia kushika spana. Aliagiza spea Nairobi siku hiyohiyo, ekseli mbili za mbele na jointi zake, kisha akaenda mtoni kutengeneza pampu ya maji, kazi ya siku kadhaa. Gereji akamwachia Awil. Simu nayo akamwachia.

Kesho yake simu ililia asubuhi.

"Hapa hospitali," Rahmo alisema. "Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amefunguliwa. Meno ya ekseli yamelika, na jointi ukiishika inacheza kama jino bovu."

"Na daktari wake?"

"Daktari hakulala."

"Kwa sababu ya ekseli?"

"Kwa sababu ya sauti."

"Ile ya ka, ka, ka?"

"Hapana. Hii ninayoisikia sasa."

Mtu akakohoa, na kikohozi hakikuwa cha Rahmo wala cha Awil. Alikuwa Kanana, dada wa Kimeru aliyekaa posta akiunganisha simu zote za mji. Aliwaomba radhi, akasema waendelee tu.

Basi wakaendelea. Kila asubuhi Rahmo alipiga kuuliza hali ya mgonjwa, na kila jioni Awil alipita kwa Habaryar Rukiyo, mama mdogo wa Rahmo, kutoa taarifa ya ekseli. Mama huyo alikaa mkekani akisuka kamba, akawakaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia. Kiswahili hakukijua hata neno. Kwa hiyo wawili wale, Wasomali kwa Wasomali, walizungumza Kiswahili mbele yake kwa uso wa kazi. Awil alimwambia Rahmo kwamba shali ile ya zafarani itaua mtu. Rahmo akamwambia anyooshe uso, habaryar anatazama. Habaryar akauliza gari linasemaje, na Rahmo akamjibu kwa Kisomali kwamba hali bado ni mbaya.

Spea zilifika Jumanne, kwenye lori la sukari, zimefungwa kwa karatasi ya grisi. Awil alizifungua, akazitazama jinsi zilivyong'aa. Kazi yake ilikuwa ya siku moja. Jumatano gari lingekuwa zima, na Alhamisi Rahmo angekuwa njiani kwenda Buna.

Simu ikalia. Mgonjwa anaendeleaje?

"Spea bado hazijafika," Awil alisema.

Hakukusudia. Neno lilitoka kama chafya. Lakini likishatoka hurudishi, nawe huna budi kulitafutia malazi. Akalisukuma sanduku nyuma ya pipa la oili, akalifunika gunia.

Alhamisi msafara ukaondoka bila Rahmo. Jioni ile Awil alimkuta kwa habaryar. Alisema alikuwa amewaandikia watu wa Buna kwamba anakuja, na sasa watamwona mwongo. Awil alitaka kusema. Alifungua kinywa, akaomba chai. Usiku huo na siku zilizofuata, kila aliposujudu aliliona lile gunia.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu Mutiso alirudi kutoka mtoni, akatafuta oili, akakuta sanduku. Hakugomba. Alikaa juu ya tairi, akauliza tarehe ya risiti, akahesabu siku kwa vidole, na vikafika sita.

"Utamwambia wewe," alimuuliza, "au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi."

Akaenda. Rahmo alikuwa uani kwa habaryar, anaanika nguo. Awil alisimama mbali kidogo akasema yote kwa Kiswahili, bila kujitetea: spea zilifika Jumanne, nilizificha, nilitaka usiende. Rahmo aliweka nguo chini. Alipojibu, alijibu kwa Kisomali, sauti ya kawaida, ili Habaryar Rukiyo asikie kila neno. Hapo ndipo Awil alipojua ukubwa wa alichokivunja.

"Wanawake wa Buna wanangoja tangu Desemba," alisema. "Wewe umewaongezea siku kumi ili usikie sauti yangu. Tengeneza gari, fundi. Usinipigie."

Habaryar alimtazama Awil, kisha akaendelea kusuka kamba yake. Hakumkaribisha chai.

Gari alilitengeneza juma lile, akalimaliza Jumamosi, kwa uangalifu wa mtu anayeomba radhi kwa mikono. Jointi ya namna ile ina msalaba wa chuma katikati na vikombe vinne, na kila kikombe kinazuiwa kisitoke na klipu, kipande kidogo cha chuma kilichopindwa karibu kukutana. Gurudumu la kushoto alilimaliza asubuhi. La kulia alilifikisha kwenye klipu ya mwisho adhana ya adhuhuri ilipoita. Akaifunga, akanawa, akaenda msikitini, akaacha ekseli mezani. Aliporudi alimkuta Mutiso amevaa koti, yuko tayari kupanda lori la kwenda kwao Mwingi, kwenye harusi ya bintiye. Mutiso alimwambia kazi ni nzuri, airudishe ekseli ndani, afunge, atie grisi. Awil akafunga.

Jumapili alfajiri msafara ulitoka. Rahmo alikaa mbele kando ya Adow. Alipopita gereji alitazama barabara tu.

Awil alirudi ndani, akafagia gereji yote mpaka jua likapanda, kisha akaanza kusafisha meza, maana mikono mitupu ni mibaya siku kama hiyo. Alikunguta tambara. Kitu kikaanguka sakafuni, tii. Alikiokota.

Ilikuwa klipu mpya, inang'aa.

Alidhani aliifunga ya mwisho kabla ya sala; akahesabu. Pakiti ilikuja na klipu nane, nne za kila jointi. Zile kuukuu nane zilikuwa kwenye kopo, zote. Kama moja ya mpya iko hapa, basi kule, ndani ya gurudumu la kulia, kuna kikombe kisicho na kizuizi. Kitasogea kidogo kidogo kwa kila mtikisiko wa barabara, mpaka kitoke. Jointi itapasuka, na gurudumu litajikaza gari likiwa mbioni. Naye Rahmo amekaa mbele humo humo.

Alikimbilia simu. "Kanana, dada yangu, nipe kituo cha polisi cha njia ya kaskazini, pale penye kisima. Msafara unapumzika pale."

Kanana alikuwa amesikia simu zao zote, na juma zima alikuwa amesikia ukimya wao. Hakuuliza neno. Alitafuta laini, ikakatika, akaitafuta tena. Sajini wa kituo akapatikana. Ndiyo, msafara ndio kwanza umefika. Ndiyo, mkunga yupo. Awil akangoja, midomo ikinong'ona dua, mpaka akasikia pumzi aliyoijua.

"Rahmo, usipande gari hilo tena."

Alijibiwa kwa Kisomali. "Ekseli nyingine imepotea?"

"Nimeacha klipu moja nje. Gurudumu la kulia la mbele. Ninayo mkononi."

"Siku sita ulikuwa na spea mkononi ukaniambia huna. Leo waniambia una klipu mkononi. Nitaionaje kutoka huku?"

"Huwezi kuiona."

"Sasa nifanye nini?"

Awil aliegemeza paji la uso ukutani. "Usirudi Garissa. Sikuombi urudi. Panda lori la askari, nenda Buna na msafara wako, na usinione tena maisha yako yote. Ila gari hilo liache hapo hapo. Adow naye asilipande."

Kanana akauliza taratibu kama laini imekatika.

"Haijakatika," Rahmo alisema. Kisha, "Sajini anasema atauzuia msafara mpaka saa nane. Njoo ulifungue mwenyewe."

Mwanamume wa Kisomali kutaka kuufuata msafara wa serikali mwaka ule lilikuwa jambo la kumfikisha mtu korokoroni. Awil alilijua hilo. Alikwenda hivyo hivyo kwa ofisa wa vibali, na mfuko wa spana begani, akaiweka klipu juu ya meza yake na kueleza. Ofisa aliigeuza ile klipu kwa ncha ya kalamu. Alisema magari mawili ya doria yanakwenda kisimani, watamchukua, lakini kama hii ni hila, atalala ndani. Awil akasema kama ni hila, anastahili.

Safari ilikuwa ya saa tatu na zaidi. Alikaa nyuma kati ya askari wawili, akasoma Yasini, akaimaliza, akaianza tena. Kila walipopanda tuta alitazama mbele kuona kama kuna gari jeupe limelala ubavu, ingawa alijua limesimama kituoni. Woga hausikilizi hesabu.

Walifika ikiwa saa saba kasoro. Landrova ilikuwa chini ya mgunga, nzima, na Rahmo amesimama kando yake na shali yake ya zafarani imejaa vumbi. Awil hakumsalimia. Aliweka jeki, akainua, akatoa tairi, akalala mchangani akaanza kufungua. Askari wakaja kutazama, na mmoja akauliza kama fundi huyu hulipwa kwa kufunga au kwa kufungua. Adow alimshikia spana. Naye angekuwa kwenye gari lile.

Ekseli ikatoka, nyeusi kwa grisi. Awil aliifuta kwa kanzu yake, kwa kuwa tambara halikuwa karibu. Akageuza jointi juani.

Moja ipo. Ya pili ipo. Ya tatu.

Ya nne ilikuwapo.

Aliitazama mpaka macho yakamwuma. Haikung'aa kama zile nyingine. Ilikuwa nyeusi, nene, aina ambayo Mutiso alizikusanya kutoka magari ya zamani ya jeshi, akazitunza kwenye kopo la tumbaku kwa sababu, alisema, za zamani hazipindi. Awil alitoa mfukoni ile yake, akaiinua kwenye mwanga. Haikuwa sawa. Imepinda upande mmoja, kidogo sana, kiasi cha unywele.

Ndipo alipoelewa. Alipokuwa msikitini, Mutiso alipita mezani kukagua, kama alivyokagua kila kazi. Akakuta klipu ya mwisho imepinda. Hakutaka kumwita mtu kutoka kwenye sala yake, akaibadilisha mwenyewe, akaiweka mbovu juu ya tambara. Halafu harusi ya binti ikamsahaulisha.

Awil alikaa kitako mchangani.

"Ipo," alisema. "Zote zipo. Mutiso alishaifunga. Gari lilikuwa zima."

Sajini aliinama karibu. "Umenizuilia msafara mzima kwa klipu ambayo haikupotea?"

"Ndiyo, Sajini. Alhamdulillahi."

"Yaani wewe unafurahi?"

"Nafurahi sana, Sajini."

Askari walicheka wakashikana mabega. Adow naye akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Awil alijikuta anacheka pamoja nao, na machozi yanamtiririka kwenye grisi ya mashavu, na hakuona haya. Juma zima alikuwa ameomba Mungu amsamehe. Hakuwa amethubutu kuomba apewe kitu.

Alipomaliza kufunga, safari hii akitaja kila kipande kwa sauti huku Adow akiitikia, Rahmo alikuja na birika la maji na kipande cha sabuni. Alimmwagia mikononi polepole.

"Ungejua klipu ipo, usingekuja," alisema. Alisema kwa Kiswahili.

"Ningejua, sasa hivi ningekuwa gereji nimejifungia."

"Na yale maneno ya simuni. Niende Buna nisikuone tena. Uliyasema kwa moyo?"

"Kwa moyo. Lakini njia nzima nilimwomba Mungu asinishike neno."

Rahmo aligeuza uso kidogo, na shali ikaficha nusu ya tabasamu. "Mtu anayedanganya huja na maneno matamu. Wewe umekuja na uso kama wa mtu aliyefiwa. Nilikuona uliposhuka garini, kabla hujafungua chochote, nikajua kwamba ama klipu haipo, ama wewe unaamini haipo. Kwangu ni mamoja."

"Nitatuma wazee kwa Habaryar Rukiyo," Awil alisema, maji yakiwa bado yanatiririka.

"Wazee gani watakaokubali kukusimamia? Uongo wako unajulikana mpaka posta."

"Nitamtuma adeer yangu kutoka Mandera. Na Mutiso."

"Mutiso? Mkamba atamwambia nini habaryar?"

"Atamwambia ukweli. Kwamba hukagua kazi yangu kila siku, na siku nilipoharibu alinituma nikaseme mwenyewe."

Rahmo aliweka birika chini. Sabuni akaifunga kwenye karatasi, taratibu, kama inahitaji uangalifu mkubwa.

"Watume," alisema. "Mimi nitamwandikia habaryar kwamba nimeridhia. Lakini nisikilize, mpenzi. Wale wanawake wameshapoteza siku kumi kwa ajili yetu. Nitakaa Buna mpaka mwaka wangu uishe, na hakuna ekseli wala ndoa itakayoniondoa kabla. Utaweza?"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kumwita hivyo, na alilitia katikati ya sharti gumu, kama mkunga anayechoma sindano huku anazungumza. Awil alihesabu miezi kichwani. Ilikuwa mingi. Alishangaa kwamba haimtishi.

"Nitaweza."

Filimbi ya sajini ikalia. Injini zikawashwa moja baada ya nyingine, vumbi likaanza kupanda. Adow alipanda kwenye usukani. Rahmo aliushika mlango, akasimama, akageuka.

"Awil. Gari ni zima?"

Adow alikuwa pale na angeweza kuulizwa. Sajini alikuwa pale. Tairi lenyewe lilikuwa hatua mbili, mtu angeinama akatazama.

"Ni zima," alisema Awil.

Rahmo akapanda, akafunga mlango. Landrova ilikata kona kutoka chini ya mgunga, ikafuata lori la mbele, na haikutoa sauti yoyote isipokuwa ya mchanga. Awil alisimama mpaka vumbi la mwisho likatulia. Hapo ndipo alipohisi njaa, na kiu, na jua mgongoni, vitu vyote ambavyo tangu asubuhi vilikuwa havina nafasi.

Sajini alimuuliza kama sasa anataka kupiga simu nyingine.

"Hapana, Sajini," alisema. "Nipe maji kidogo ya kutawadha. Sijasali adhuhuri."